Mwongozo kamili wa kushika kemikali kiwandani bila kuumia

Huu mwongozo ni wa yule anayeshika kemikali kwa mikono yake, anayemimina, anayechanganya, anayesafisha tangi, anayetoa madumu stoo, na zaidi sana ni wa kibarua aliyeingia kazini leo asubuhi akapewa ovaroli na kuambiwa "mfuate yule pale". Watu wakisikia ajali ya kemikali wanawaza mlipuko na moshi mpaka mawinguni, ila ukikaa viwandani utaona wengi wanaumia kwenye vikazi vidogo vidogo, kupunguza kutoka dramu kwenda ndoo, kusuuza pampu, kukata pipa tupu, kufuta sakafu, yaani kazi za dakika tano ambazo mtu anaona hata kuvaa glavu ni kujichelewesha. Kwa hiyo tutaifuata kazi yenyewe ilivyo, toka unapokutana na chombo mpaka unapovua ovaroli.

HATUA YA 1: Jua kilichomo kabla hujagusa

Chombo kisicho na lebo hakiguswi. Usikinuse ili ujue ni nini, usidondoshe kidogo kidoleni, usikubali kuambiwa "hiyo ni sabuni tu" na mtu ambaye naye aliambiwa na mwenzake. Peleka kwa supavaiza, kiwekwe pembeni mpaka kijulikane.

Kikiwa na lebo, isome. Nchi nyingi sasa zinatumia mfumo wa Umoja wa Mataifa unaoitwa GHS, ulitoka 2003, na uzuri wake ni kwamba hata kama maandishi yako kwa lugha usiyoijua, picha zinaongea. Ziko 9, nyingi zina mpaka mwekundu kwenye mraba uliosimamia kona. Mwali wa moto maana yake inawaka. Mwali ulio juu ya duara maana yake inachochea moto wa vitu vingine, hii watu wengi wanaichanganya na ile ya kwanza na ndo wanaishia kuviweka pamoja. Kimiminika kinachodondokea mkono na chuma, hiyo inababua ngozi na kula chuma. Fuvu na mifupa ni sumu ya haraka. Bomu linalopasuka ni mlipuko, mtungi ni gesi iliyoshindiliwa, alama ya mshangao ni muwasho na madhara ya wastani, mti na samaki ni mazingira. Halafu ipo ya mtu mwenye nyota kifuani. Hii iogopeni zaidi jamani, maana watu wanakimbia fuvu lakini hii wanaipita tu kwa sababu leo haitakufanya kitu, inakuja miaka mbele kama kansa, mapafu yaliyoharibika au shida ya uzazi. Benzini kwa mfano inasababisha kansa ya damu, na inanukia kama petroli tu, hakuna kengele inayolia.

Neno kubwa lililoandikwa nalo liangalie, DANGER ni nzito kuliko WARNING.

Baada ya lebo kuna karatasi ya usalama, ile SDS, yenye sehemu 16. Huna haja ya kuikariri yote. Anza na sehemu ya 2 inayosema madhara, ya 4 huduma ya kwanza, ya 6 ikimwagika, ya 7 namna ya kuishika na kuitunza, ya 8 vifaa vya kujikinga, na ya 10 inayosema isikutane na nini. Kama lugha inakushinda mwambie supavaiza akusomee hizo sehemu mbele ya kikosi kizima. Na hiyo karatasi isikae ofisini kwenye kabati lililofungwa, kwa sababu shifti ya usiku ikipata shida saa nane mwenye ufunguo amelala kwake.

Ukihamishia kemikali kwenye chombo kingine, andika jina na hatari yake hapohapo kabla hujaweka chini, usiseme nitaandika baadae. Na kamwe usiweke kemikali kwenye chupa ya maji au ya soda. Mtu mwenye kiu haulizi.

HATUA YA 2: Uliza kama lazima uiguse

Hii fupi ila wengi wanairuka. Je hii kemikali inaweza kuondolewa, au kubadilishwa na isiyo kali? Pampu haiwezi kufanya kazi unayoifanya kwa ndoo? Feni ya kufyonza mvuke ipo na inafanya kazi, au imeharibika toka lini haijulikani? Glavu na barakoa ndo kinga ya mwisho kabisa, si ya kwanza, kwa sababu zikipasuka hakuna kingine kati yako na kemikali. Kiwanda kinachogawa barakoa badala ya kutengeneza feni kinamwachia kibarua mzigo wote.

HATUA YA 3: Vaa kinga inayoendana na kemikali yenyewe

Hapa tukae kidogo. Glavu sio glavu tu ilimradi glavu. Za lateksi, zile nyembamba, hazifai kwa thina na viyeyushi vingine. Za nitraili ni nzuri kwa mafuta na vitu vingi, lakini asetoni inazipenya ndani ya muda mfupi sana, kwa asetoni tafuta za butaili. Na kupenya sio lazima glavu itoboke, kemikali inapita katikati ya mpira wenyewe na glavu inabaki inaonekana nzima, mkono umelowa sumu na wewe huoni kitu.

Mfano unaofundishwa sana ni wa Karen Wetterhahn, profesa wa kemia chuo cha Dartmouth huko Marekani. Agosti 1996 alidondokewa na tone au matone machache ya kemikali ya zebaki iitwayo dimethaili-mekyuri juu ya glavu ya lateksi. Alikuwa mtaalamu, alikuwa kwenye kabati la kufyonza mvuke, alifuata taratibu za wakati ule. Dalili zilikuja miezi baadae, mwili ukaanza kuyumba, maneno yakawa hayatoki vizuri, na Juni 1997 akafariki. Walipopima zile glavu waligundua kemikali ile inapita ndani ya sekunde 15 au chini ya hapo. Wewe hutakutana na hiyo dimethaili-mekyuri kwenye kazi za kawaida, lakini somo la glavu ni lilelile, aina ya glavu soma sehemu ya 8 ya SDS, na kama imeandika tu "vaa glavu zinazofaa" mwambie anayehusika na usalama aulize kwa muuzaji glavu gani na zinadumu muda gani.

Kabla ya kuvaa, ijaze hewa, kunja pale pa kuingizia mkono uibane, uone kama kuna sehemu inavuja. Wakati wa kuvua usishike nje kwa mkono mtupu, bana moja kwa nje karibu na kifundo cha mkono, ivute ijigeuze, ikunje kwenye kiganja ambacho bado kina glavu, kisha ingiza kidole kwa ndani ya ile ya pili na kuigeuza iifunike ya kwanza.

Gambuti nazo zina siri yake. Suruali ikae NJE ya gambuti, isiingizwe ndani. Wengi wanaingiza kwa sababu inaonekana nadhifu, sasa asidi ikimwagika kwenye paja inateremka moja kwa moja ndani ya buti na kujaa pale, mguu unapikika mpaka ufanikiwe kulivua.

Macho, miwani ya kawaida yenye vioo viwili haizuii kimiminika, tumia ile inayobana uso pande zote, na ngao ya uso inavaliwa juu ya miwani hiyo, haiwi badala yake.

Barakoa ndo kuna uongo mwingi. Ya kitambaa, ya hospitali na ile ya vumbi hazizuii mvuke wala gesi hata kidogo, unavuta kama kawaida tu ila umejipa moyo. Kwa mvuke unahitaji barakoa ya mpira yenye kichujio cha aina husika. Rangi za vichujio zinatofautiana, kwa mfumo wa Ulaya kahawia ni ya mivuke ya viyeyushi, kwa Marekani mivuke hiyohiyo ni nyeusi, kwa hiyo usiende na rangi peke yake, soma maandishi. Ndevu zinazopita chini ya ukingo wa barakoa zinaacha njia, nyoa au omba kifaa cha aina nyingine. Vichujio vibadilishwe kwa ratiba, usisubiri mpaka unuse. Na kumbuka kichujio hakitengenezi oksijeni, mahali pasipo na hewa ya kutosha hakikusaidii chochote.

HATUA YA 4: Kabla ya kuanza, tafuta maji na mlango

Geuka uangalie. Bomba la kuoshea macho na la kuoga liko wapi? Kwa viwango vinavyofuatwa sana linatakiwa liwe umbali wa sekunde 10 za kutembea, njia iwe wazi, na lifunguliwe kila wiki ili kuhakikisha linafanya kazi na kutoa maji machafu yaliyokaa kwenye bomba. Nenda ulifungue mwenyewe. Kama mbele yake wamepanga maboksi, yaondolewe kwanza, kwa sababu ukishaingiwa na kostiki (ile soda kali inayounguza) machoni utaenda ukiwa umefumba. Jaribu hiyo njia siku moja macho yakiwa yamefumbwa, mwenzako akikushika mkono.

HATUA YA 5: Kumimina na kuchanganya

Asidi inaingia kwenye maji, maji hayaingii kwenye asidi. Kila mtu amewahi kusikia, wachache wameelezwa kwa nini. Asidi ya salfa iliyo kali ina uzito karibu mara mbili ya maji na ikikutana nayo inatoa joto kali, sasa ukimwaga maji juu yake yanaelea, yanachemka palepale juu na kurusha asidi usoni. Fanya hivi: weka maji ya baridi kwanza kwenye chombo kinachohimili joto, kiwe chini kimetulia, kisizidi nusu, mimina asidi kidogo kidogo ukikoroga, chombo kikianza kupata joto simama usubiri kipoe, kisha endelea. Uso wako usiwe juu ya chombo.

Kostiki soda nayo ni hivyohivyo, soda ndo inaingia kwenye maji, na yawe ya baridi. Usitumie chombo cha alumini, inaila na kutoa haidrojeni ambayo cheche ndogo tu inaiwasha. Na kostiki ina hila, wakati mwingine haiumi mwanzoni, ngozi inateleza tu kama umeshika sabuni, mtu anaendelea na kazi kumbe inayeyusha mafuta ya ngozi. Ukihisi utelezi huo nenda kwenye maji saa hiyohiyo.

Klorini ya maji ile ya kuulia vijidudu usiichanganye na asidi yoyote, ikiwemo dawa za kuondoa ukoko wa choo na mabomba, inatoa gesi ya klorini, gesi ileile iliyotumika kuua askari kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Usiichanganye na amonia pia. Wafanya usafi ndo wanaumia sana hapa maana wanaambiwa "ongeza nguvu" na wanachanganya dawa mbili kwenye ndoo moja.

Kuna kemikali ambazo maji ndo adui. Bhopal, India, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, maji yaliingia kwenye tangi la methili aisosayaneti (kemikali ya sumu ya kutengenezea dawa za wadudu), likachemka na kutoa gesi iliyoua maelfu ya watu waliokuwa wamelala majumbani. Na vifaa vya kuzuia vilikuwepo ila mtambo wa kupooza tangi ulikuwa umezimwa na mnara wa kuchomea gesi ulikuwa haufanyi kazi. Kwa hiyo ukikuta kengele imezimwa au valvu ya usalama imefungwa kwa waya "kwa sababu inasumbua", hiyo ni dharura, toa taarifa siku hiyohiyo.

Thina, asetoni, toluini, hizi zinatoa mvuke mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka ukutane na grenda au jiko mita kadhaa mbali, kisha moto unarudi ulipotoka. Asetoni inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa hiyo usiseme leo hakuna jua. Ukimimina kutoka dramu ya chuma kwenda ndoo ya chuma, unganisha vyombo viwili kwa waya na dramu iunganishwe ardhini, maana mtiririko wenyewe unazalisha umeme tuli na cheche yake inatosha kuwasha. Mimina taratibu, mdomo wa bomba uguse chini ya ndoo usiruke hewani.

Na usifyonze kwa mdomo. Hata mara moja, hata "kidogo tu ianze kutoka".

HATUA YA 6: Stoo

Usipange kwa alfabeti wala kwa ukubwa wa dumu, panga kwa tabia. Asidi mbali na kostiki, vinavyowaka mbali na vile vya mwali juu ya duara, asidi ya naitriki isikae karibu na mbao, karatasi wala mafuta. Vimiminika vikali vikae chini ya usawa wa macho. Vyombo vikae ndani ya beseni au ukuta mfupi wa kuzuia umwagikaji, ambao kawaida unatakiwa uweze kubeba asilimia 110 ya chombo kikubwa kuliko vyote. Mitungi ya gesi isimame, ifungwe mnyororo, kofia iwepo. Kila baada ya muda pitia, dumu lililovimba usilifungue, ita mtaalamu. Mzigo usio na mwenyewe ndo hatari kubwa, Beirut, Lebanon, tarehe 4 Agosti 2020 tani kama 2,750 za amonia naitreti (kemikali ya mbolea na vilipuzi) zilizokaa bandarini kwa miaka zililipuka na kuua zaidi ya watu 200.

HATUA YA 7: Matangi, mashimo na madumu matupu

Sehemu hii soma mara mbili.

Dramu "tupu" ya thina ni hatari kuliko iliyojaa. Iliyojaa haina nafasi ya hewa, tupu ina mvuke na hewa vimechanganyika tayari kwa mlipuko. Usiikate kwa grenda, usiichomelee, usiigeuze kuwa jiko wala pipa la taka mpaka ioshwe na mtu anayejua na ipimwe.

Tangi sasa. Mtu anaingia kusafisha, anaanguka. Mwenzake anamwona, anaruka ndani kumtoa, naye anaanguka. Anakuja wa tatu. Sehemu kubwa ya wanaokufa ndani ya matangi ni waliokwenda kuokoa, na walikwenda kwa moyo mzuri kabisa. Kwa hiyo kabla mtu yeyote hajaingia: kuwe na kibali cha maandishi, mabomba yanayoingia yafungwe kwa kufuli au yatenganishwe kabisa, tangi liingizwe hewa safi kwa feni (usitumie oksijeni ya mtungi, inafanya nguo ziwake kwa kasi ya ajabu), kisha hewa ipimwe kwa kifaa juu, katikati na chini. Oksijeni iwe kati ya asilimia 19.5 na 23.5, mvuke unaowaka usifike asilimia 10 ya kiwango cha chini cha kuwaka (yaani kiasi kidogo kabisa cha mvuke hewani kinachoweza kushika moto), na gesi za sumu zipimwe. Upimaji uendelee mtu akiwa ndani. Aliyeingia avae mkanda wenye kamba na winchi ya kumvutia juu, na nje abaki mtu mmoja ambaye kazi yake ni kumwangalia tu, haendi kuchukua spana, haongei na simu, na haingii ndani hata itokee nini. Akiona shida anavuta kamba na kupiga kelele.

Usitegemee pua. Gesi ya haidrojeni salfaidi inayotoka kwenye maji taka na matope inanuka yai bovu, lakini ikifika kiasi cha ppm 100 (yaani sehemu 100 kwenye sehemu milioni moja za hewa) inaua uwezo wa kunusa, harufu inapotea na mtu anadhani imeisha. Kaboni monoksidi yenyewe haina harufu toka mwanzo.

HATUA YA 8: Ikimwagika

Kelele kwanza, waambie wenzako. Ondoka ukielekea upande upepo unakotoka, na kama ni gesi nzito kama klorini panda juu usiteremke. Zima vyanzo vya moto kama unaweza kufanya hivyo bila kukaribia. Kama ni kidogo, unaijua na una kinga yake, izungushie mchanga au kifyonzi toka nje kuja ndani, isifike kwenye mtaro. Usitumie maranda ya mbao kwenye asidi ya naitriki au kitu chenye picha ya mwali juu ya duara, yatawaka. Kama huijui au ni nyingi, kazi yako ni kutoka na kuhesabu wenzako.

HATUA YA 9: Ikikupata

Maji, mengi, haraka, muda mrefu. Macho yashikiliwe wazi chini ya maji dakika 15 zikiwa ndo za chini kabisa, kwa kostiki endelea zaidi, hata njiani kwenda hospitali. Nguo zivuliwe ukiwa chini ya maji, fulana ikatwe kwa mkasi isipitishwe usoni. Kama ni unga mkavu kama chokaa, pangusa kwanza ndo uoshe. Usimwagie kostiki aliyeungua na asidi ukidhani zitakatana, zikikutana zinatoa joto na unamchoma mara ya pili. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Asidi ya haidrofloriki ni ya peke yake, inazama mpaka mfupani na maumivu yanaweza kuchelewa masaa, kama kiwandani kwenu ipo lazima jeli ya kalsiamu glukoneti iwepo karibu na watu wafundishwe.

Aliyemeza usimtapishe, inamuunguza tena ikirudi. Aliyevuta gesi mtoe kwenye hewa safi, na hata akisema niko poa apelekwe hospitali, kwa sababu klorini na gesi za naitrojeni zinaweza kujaza mapafu maji masaa mengi baadae, mtu amelala nyumbani. Maziwa hayasafishi mapafu, tusidanganyane. Na aende na lebo au SDS, au ipige picha, daktari hawezi kutibu "kitu cheupe cha kwenye dumu la bluu".

HATUA YA 10: Kutoka kazini

Osha mikono KABLA ya kula, kuvuta sigara na kwenda chooni, sio baada tu. Usioshe kwa thina au petroli, inaondoa mafuta ya ngozi na kufungulia sumu mlango. Usijipulize vumbi kwa upepo wa kompresa. Ovaroli ibaki kiwandani na ifuliwe huko, watoto wamewahi kupata sumu ya risasi (ile metali ya kwenye betri za gari) kwa nguo za kazi za baba yao bila wao kukanyaga kiwandani.

HATUA YA 11: Ukiona kazi haijakaa sawa

Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unasema mfanyakazi ana haki ya kujua kemikali anazoshika, na ana haki ya kujiondoa akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kuna hatari kubwa ya papo hapo, kisha amjulishe supavaiza mara moja. Sio nchi zote zimeuridhia, na najua kwa kibarua wa kutwa kusema hapana kunaweza kumaanisha kesho hakuna kazi, kwa hiyo usianze na ugomvi, anza na maswali mbele ya wenzako: hili tangi limepimwa saa ngapi na nani? Kibali kiko wapi? Nani anabaki nje? Hii ni kemikali gani na glavu zake ni zipi? Maswali hayo manne yakikosa majibu, usiingie, na andika tarehe, saa na jina la uliyemuuliza.